Wapendanao Chumbe: kisiwa kinacholea watoto wa bahari

Umechoka na foleni, chokoleti na maua mekundu ya kila Februari? Vuka maji. Ila nakuonya mapema: utarudi na mambo ya kufikiria.

Mpenzi msomaji, safari hii ilianza na swali la mtoto. Usiku niliokuwa napanga begi, binti yangu Zuhura, mwenye miaka sita, alikaa kitandani akanikazia macho.

"Mama, utaniletea tumbawe?"

Nikamwambia matumbawe hayachukuliwi, yanaangaliwa tu. Akanyamaza kidogo, kisha akatupa la pili: "Kwani yana mama yao?"

Nilicheka, nikamwahidi kumletea jibu. Kusema kweli sikuwa nalo. Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam. Nimekula samaki wa kukaanga wa Feri tangu sijajua kusoma, lakini kilichopo chini ya maji nilikuwa nakijua kupitia televisheni, kama vile ni bahari ya watu wengine.

Alfajiri ya Ijumaa, 14 Februari 2025, Zuhura akabaki kwa bibi yake, mimi na Baba Zuhura tukapanda boti ya Unguja. Tulikuwa tunaelekea Chumbe, kisiwa kile kile tulichokwenda fungate Desemba 2017.

Nisikufiche, hatukwenda kwa sababu mambo yalikuwa shwari. Mwaka uliotangulia ulitutesa. Ofisi aliyokuwa akifanya kazi mume wangu ilipunguza watu, na yeye akawa mmojawapo. Mnaoishi kwa mishahara miwili mnajua inakuwaje mmoja ukikatika. Tulifika mahali mazungumzo yetu yote ni ada, Luku na nani anamfuata mtoto shule. Hatukugombana. Tulinyamaziana, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi. Alipopata kazi nyingine, jambo la kwanza alilosema ni, "Turudi Chumbe." Basi tukarudi.

Kisiwa kisicho na makelele

Chumbe kipo kusini ya Mji Mkongwe. Unaondoka Mbweni kwa boti, kiasi cha dakika 45 hivi, na mnara wa taa unauona mbali kabla hujaona kitu kingine. Mnara huo ulijengwa mwaka 1904. Panda ngazi zake, zaidi ya mia moja, na utasahau kiyoyozi cha ofisi yako: upande mmoja Unguja, upande mwingine bahari tupu, na chini yako msitu uliosimama juu ya mawe.

Mawe yenyewe ni matumbawe ya zamani sana. Kisiwa kizima kilikuwa chini ya bahari, kikajengwa na viumbe wadogo, maji yakashuka, kikabaki juu.

Usitegemee hoteli ya ghorofa. Kuna mabanda saba tu ya makuti, umeme wa jua, maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa, na vyoo visivyotumia maji. Televisheni hakuna. Siku ya kwanza utatafuta rimoti, ya pili utasahau kama ipo duniani. Usiku kaa wakubwa wanaopanda minazi hutoka kutembea, na hao ndio kaa wakubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu. Mmoja alipita mbele ya banda letu taratibu kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

Mwamba wa upande wa magharibi ya kisiwa umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994. Hakuna nyavu, hakuna mshipi, hakuna nanga. Hata mgeni haruhusiwi kuzamia na mitungi ya hewa. Utaogelea juu juu na miwani na mpira wa kupumulia, basi. Wanaoulinda ni walinzi waliotokana na wavuvi wa vijiji vya jirani. Aliyetuongoza sisi alikuwa bwana wa makamo, ujana wake wote aliumalizia kwenye ngalawa. Jina lake naliweka moyoni, maana hakunipa ruhusa ya kulitoa gazetini.

Meza yetu

Saa kumi alasiri maji yalikuwa yamejaa, kaskazi inavuma kwa adabu. Baba Zuhura ni mtu wa Dodoma. Maji kwake ni ya ndoo. Mwaka 2017 aliingia baharini akiwa amelikumbatia boya kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, kitu cha kwanza alichokiona ni tumbawe pana, bapa, la duara, limekaa kama meza ya chakula cha watu wanane. Rangi yake ilikuwa ya asali. Chini yake samaki wamejificha kivuli, juu yake wengine wadogo wa bluu wanapanda na kushuka kama cheche. Tangu siku ile tuliliita "meza yetu".

Safari hii aliingia bila kufumba macho. Mwamba ulikuwa unapendeza, usinielewe vibaya. Tuliona matumbawe ya duara makubwa kama matenki ya maji, mengine kama ubongo, mengine kama pembe za swala. Pono walikuwa wanatafuna mwamba kwa midomo yao ya kasuku, na ukitulia unasikia kabisa, kru, kru, kru. Mlinzi alituambia pono anatafuna mawe, anameza, na yanayotoka nyuma ni mchanga. Kwa hiyo ule mchanga mweupe unaoupigia picha za harusi, sehemu yake ni mavi ya samaki. Samahani, bibi harusi.

Kisha tukafika. Nililijua kwa umbo lake. Meza yetu ilikuwa imesimama pale pale, lakini rangi ya asali haikuwepo. Ilikuwa ya kijivu, imeota manyoya ya mwani, kama meza iliyoachwa uani msimu wa mvua.

Tulipotoa vichwa juu, mlinzi alikuwa ameshatusoma nyuso.

"Huyo alipauka mwaka 2016, nusu yake," alisema. "Akarudi. Mwaka jana akapauka wote. Hakurudi, bi."

Alisema "huyo". Hakusema "hilo". Nilidhani ni lafudhi ya Kiunguja tu, mpaka aliponieleza.

Ndoa ya tumbawe na mwani

Tumbawe si jiwe, na wala si mmea. Ni mnyama. Kwa usahihi zaidi, ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja ana mdomo na vidole vya kunasia chakula, na wote kwa pamoja wanajenga nyumba ya chokaa. Sisi tunaona nyumba, tunasahau wenyeji.

Ndani ya nyama ya kila mnyama mnaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani unapewa malazi na ulinzi. Nao unatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na kwa matumbawe mengi chakula hicho kinaweza kufika asilimia 90 ya mahitaji yao. Hata zile rangi zinazotupendeza, nyingi zinatokana na mwani. Kwa lugha ya ukurasa huu, ni ndoa ambayo mmoja anatoa nyumba na mwingine analeta riziki.

Shida ni joto. Maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani unaanza kutoa sumu badala ya chakula. Tumbawe linautimua. Nyama yake ni angavu kama kioo, kwa hiyo mwani ukiondoka unachokiona ni mifupa mieupe. Huko ndiko kupauka.

Hapa ndipo wengi tunapokosea: tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi na maisha yanaendelea. Joto likikawia, njaa inaua.

Mwaka 1998 joto la El Niño lilipita duniani kote, na inakadiriwa asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yalikufa. Pwani yetu haikusalimika, na Mafia iliumia vibaya. Mwaka 2016 likaja tena. Mwaka 2024 likaja tena, na mwezi Aprili mwaka huo wanasayansi wakatangaza kuwa dunia ilikuwa katika wimbi la nne la kupauka. Hesabu iliyotolewa mwaka 2025 ilionyesha kuwa tangu Januari 2023 joto la kupausha lilikuwa limegusa kiasi cha asilimia 84 ya eneo la matumbawe yote ya dunia.

Angalia miaka hiyo. Kati ya pigo la 1998 na la 2016 kuna miaka 18. Kati ya 2016 na 2024, minane. Kama ni mtu, huyo anapigwa kabla jeraha la kwanza halijafunga.

Usiku wa mwezi

Baada ya pweza wa nazi na wali, tulikaa mchangani. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili nyuma, bado mkubwa, bahari inang'aa kama sahani ya bati. Nikamuuliza mlinzi swali la Zuhura: yana mama yao?

"Yana mama, yana baba," alijibu. "Na wakati mwingine ni mtu mmoja huyo huyo."

Akatupa somo ambalo shuleni hatukulipata. Matumbawe mengi ni jike na dume kwa wakati mmoja. Yanaandaa mayai kwa miezi mingi, yanangoja maji yapate joto linalofaa, kisha yanangoja mwezi. Usiku kadhaa baada ya mwezi mpevu, jua likishazama, kila mdomo mdogo unasukuma nje kifurushi cha mayai na mbegu za kiume, cha rangi ya waridi au ya chungwa, kidogo kama punje ya uwele. Vifurushi vinapanda juu polepole, ukidhani mvua inanyesha kwenda mbinguni. Juu vinapasuka, na hapo yai linatafuta mbegu ya tumbawe jingine la aina yake. Mbegu ya tumbawe lilelile kwa kawaida hailifai. Hata baharini kuna miiko ya ndoa.

Cha ajabu, sayansi imelijua jambo hili juzi juzi tu. Watafiti wengi waliamini kuwa matumbawe kwa kawaida hubeba watoto tumboni. Ni kweli yapo yanayofanya hivyo na kuachia mtoto aliyekamilika. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti vijana wa Chuo Kikuu cha James Cook huko Australia walikesha baharini wakashuhudia aina nyingi zikimwaga mayai kwa pamoja, usiku mmoja. Taarifa yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 1984.

Kwetu karibu na ikweta mambo si ya usiku mmoja. Utafiti uliofanywa kwenye miamba ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa matumbawe ya huku hayaendi pamoja kama ya Australia; yanagawana miezi kadhaa, mengi katika msimu wa kaskazi. Faida yake ni kwamba usiku mmoja ukiharibika kwa mvua au mawimbi, mwezi ujao upo. Hasara yake ni kwamba kila usiku wanaoshiriki ni wachache. Majirani wakifa, wakabaki wawili watatu walioachana mbali, tumbawe linaweza kumwaga mayai elfu na yasipate mwenza hata mmoja.

Sitakudanganya, sisi hatukuona kitu. Tulikaa mpaka saa tano tukimulika maji kutoka ufukweni kwa tochi, tukaona kaa na kivuli chetu. Lakini gizani mtu husema ambayo mchana hayasemi. Baba Zuhura alisema, bila kunitazama, "Mwaka jana nilidhani umenichoka."

Nikamwambia ukweli: kuna siku nilichoka, ila sikumchoka yeye. Mazungumzo hayo tulikuwa tunadaiwa miezi kumi. Mengine yaliyosemwa ni yetu.

Kitufe

Asubuhi mapema, kabla maji hayajatoka sana, mlinzi alituita tena. "Jana niliwaonyesha msiba," alisema. "Leo njooni arusi."

Alitupeleka moja kwa moja kwenye meza yetu. Sikutaka kwenda, lakini nikafuata. Akashuka, akanyoosha kidole bila kugusa. Nilihitaji muda kuona. Pembeni mwa ile maiti ya kijivu, mahali palipotafunwa na pono hadi pakawa safi, palikuwa na kitu kama kitufe cha shati. Rangi ya asali. Kina vidole vitatu vifupi vinavyoanza kuchomoza. Pembeni yake kingine. Upande wa pili, kingine.

Nilipiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia, nikameza maji ya chumvi, nikatoka nakohoa huku nacheka. Baba Zuhura alikuwa ananiuliza kwa ishara kama nazama.

Safari ya kitufe kile si mchezo. Yai likishachavushwa linakuwa kiluwiluwi anayeelea. Wengi wanaliwa na samaki siku hiyo hiyo. Wanaobaki huchukuliwa na maji kwa siku kadhaa, wengine wiki. Mkondo wa bahari wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo mtoto wa tumbawe la Mafia anaweza kubebwa kuelekea Unguja au Pemba, na wa Pemba kuelekea Kenya. Undugu wa baharini haugongi muhuri wa pasipoti.

Kisha kiluwiluwi anatafuta nyumba. Hana macho kama yetu, lakini anahisi kemikali za mwamba, na majaribio yaliyofanyika Curaçao na kuchapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa viluwiluwi wa matumbawe huogelea kuelekea sauti ya mwamba ulio hai: ile minong'ono na mikwaruzo ya samaki na kamba. Mwamba ulionyamaza hauwaiti. Akiridhika, anashuka, anajibandika, na hahami tena maisha yake yote. Anaanza akiwa mmoja, kama milimita moja hivi. Anajigawa, anajigawa tena, na baada ya mwaka au zaidi kidogo ndipo unapata kitufe.

Kuzaa si kazi, kazi kulea

Waswahili walishasema, na pale majini ndipo nilipoelewa. Matumbawe yanazaa kwa wingi usiohesabika. Kinachoamua kama mwamba utapona baada ya pigo ni kama watoto wanaoshuka wanakuta pa kukaa na mtu wa kuwalea.

Kiluwiluwi anataka mwamba mgumu na safi. Anapenda ule ukoko wa waridi unaotambaa juu ya mawe; hiyo ndiyo ishara kwake kwamba hapa panafaa. Mwani mrefu ukishatanda, hapati nafasi, na akipata ananyimwa jua. Mwenye kufyeka mwani huo ni pono na wenzake kama tasi na kangaja. Ukiwavua wote, umewafukuza mayaya wa kitalu. Udongo kutoka barabara na viwanja vinavyojengwa ukiingia baharini, unawafukia watoto wachanga. Nanga ikitupwa ovyo, inavunja wazazi.

Na baruti ndiyo mbaya kuliko yote. Kwa miongo mingi pwani ya Tanzania ilitikiswa na mabomu ya wavuvi haramu, mpaka misako ya miaka ya 2010 ilipoyapunguza sana. Bomu moja linaua samaki wa siku moja, lakini linaacha kifusi. Mtoto wa tumbawe akitua juu ya kifusi, wimbi linakigeuza, naye anasagika. Ndiyo maana mahali palipopigwa baruti pameendelea kuwa kaburi kwa miongo.

Kwa hiyo kulinda mwamba kama wanavyofanya Chumbe si kuweka vitu kwenye kabati la kioo. Ni kutunza kitalu. Siku ya msiba hawakuweza kuizuia joto, lakini siku watoto waliporudi walikuta mwamba umefagiliwa.

Chumbe si peke yake. Ukiwa Dar es Salaam, Mbudya na Bongoyo unazokwenda kula chipsi samaki Jumapili ni hifadhi tangu mwaka 1975. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari yao baada ya kuona nyavu zinarudi tupu. Samaki na matumbawe yakarudi, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ila nisikulishe asali tupu. Ulinzi una mpaka wake. Baada ya joto la 2016 na 2017 kwenye miamba mikubwa ya Australia, wazazi wengi walikufa, na mwaka 2018 watoto waliotua walipungua kwa asilimia 89 ukilinganisha na miaka ya nyuma. Waliokufa hawazai, na walionusurika na njaa huwa hawana nguvu ya kuzaa kwa msimu mmoja au zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Bahari ya Hindi magharibi walitoa tathmini kwamba miamba yote ya ukanda huu ipo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Na jopo la Umoja wa Mataifa la hali ya hewa lilishasema mwaka 2018: dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 zaidi ya zamani, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea. Ikifika nyuzi 2, karibu yote.

Habari ya kutia moyo ni kwamba si kila mahali pana joto sawa. Utafiti wa mwaka 2020 uliitaja pwani ya kuanzia Shimoni, Kenya, hadi Dar es Salaam kuwa kimbilio, kwa sababu kuna njia za kina kirefu zinazoleta maji baridi kutoka chini. Yaani katika bahari yote hii, kitalu chenye kivuli kipo mlangoni kwetu. Halafu sisi wenyewe tunakwenda huko kula chipsi, tunatupa chupa, tunaondoka.

Mama, umeniletea nini?

Jumamosi jioni tulikuwa Mji Mkongwe tukingoja boti. Nilijikuta naupapasa ukuta wa nyumba moja ya zamani, pale plasta ilipobanduka. Ndani yake kuna mawe ya matumbawe, na ukiangalia vizuri unaona vyumba vya wale wanyama wadogo, safu kwa safu. Hata chokaa iliyoyashika ilichomwa kutokana na matumbawe. Babu zetu waliishi ndani ya bahari bila kulowa.

Nyumbani Zuhura alinipokea mlangoni. "Umeniletea?"

Nikamwambia: nimekuletea jibu. Yana mama. Mama yao mmoja tuliyemfahamu amekufa kwa joto, na wapo watoto watatu wamekaa mgongoni mwake.

Alifikiri. "Nani anawapa chakula?"

Nikamweleza habari za mwani. "Na likija joto tena?"

Baba yake alikuwa ameshika begi bado, akanitazama. Sikuwa na jibu la kumpamba mtoto. Nikasema wakikua haraka, na joto likachelewa, wataweza. Tumbawe la aina ile huanza kuzaa likiwa na miaka kama mitatu hadi mitano. Mwaka 2030 Zuhura atakuwa na miaka kumi na moja, atakuwa amejua kuogelea. Baba yake ameapa kujifunza naye. Tumefungua kibubu. Vitufe vikifika ukubwa wa sahani, tutakuwa na meza tatu.

Kabla hujafunga begi

Msimu: bahari huwa tulivu na angavu zaidi kuanzia Desemba hadi Machi. Masika kisiwa hufungwa, kwa hiyo uliza kwanza.

Nafasi: mabanda ni saba tu. Weka nafasi mapema, au nenda safari ya mchana na kurudi jioni, bajeti itapumua.

Ngozi: vaa fulana ya mikono mirefu ukiogelea badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru viluwiluwi wa matumbawe.

Miguu: usisimame juu ya mwamba. Unachokiona jiwe huenda ni mtoto wa mwaka mmoja.

Zawadi: usinunue matumbawe wala makombe ya baharini. Nunua khanga.

Kwa wasiojua kuogelea: boya lipo, mlinzi yupo, aibu acha Mbweni. Muulize mtu wa Dodoma.